Miaka Miwili au Mitatu

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, shida yangu ilikuwa moja tu: nilikuwa nimefaulu kiasi. Ningefeli, ningeshika jembe na mambo yangeishia hapo. Ningefaulu sana, ningeenda kidato cha tano na watu wengine wangeniamulia yaliyobaki. Mimi nilipata Biolojia nzuri, Kemia ya wastani na Fizikia ya kusukumasukuma, matokeo ambayo mtu akiyatazama anasema, "Huyu akasome unesi," kisha anakwenda zake akiwa ameridhika na ushauri wake. Kazi ya kuamua ni unesi upi ikabaki kwangu, na mimi sijawahi kuwa mtu wa kuamua. Hata nikitumwa nyanya sokoni huwa narudi nyumbani kuuliza zile za mafungu au zile za kwenye ndoo.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni cheti, miaka miwili, chuo kikiwa karibu kiasi cha kurudi Sumbawanga kila mwisho wa mwezi. Ukimaliza unakuwa muuguzi wa ngazi ya chini, wa kushinda kando ya kitanda cha mgonjwa, kuosha, kuchoma sindano, kuzalisha, kufunga vidonda. Ya pili ni diploma, miaka mitatu, chuo mbali, safari ya basi ya siku nzima. Ukimaliza unakaa ngazi ya juu yake, na ukipelekwa kijijini unaweza kukabidhiwa zahanati uisimamie. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mimi. Kila niliyemuuliza alikuwa na maelezo yake, na wengi walieleza kwa sauti kubwa zaidi kadiri walivyojua kidogo zaidi.

Kwa hiyo tofauti ilikuwa mwaka mmoja. Kwa mtu mwingine mwaka mmoja si kitu. Kwangu ulikuwa kila kitu, kwa sababu ya mama mkubwa.

Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa muuguzi wa cheti katika zahanati ya kijiji kimoja huko bondeni, ukishapita Milepa. Hakujaliwa kupata mtoto. Tangu nikiwa darasa la pili likizo zangu zote zilikuwa kwake, nikikunja bandeji na kumshikia taa ya tochi, na watu wa kijiji walikuwa wameshaanza kuniita nesi mdogo. Wakati matokeo yangu yanatoka, alikuwa amebakiza miaka miwili na miezi michache astaafu. Nikisoma cheti, ningetoka chuoni yeye akivua sare. Nikisoma diploma, ningefika mwaka mzima baada yake, na kile chumba cha sindano kingekuwa kimeshakaa tupu au kimepewa mtu asiyejua hata mtoto yupi ni wa nani. Kwetu shamba la mtu hujulikana litakwenda kwa nani hata kabla mwenyewe hajaanza kukohoa, na sote tuliichukulia zahanati vivyo hivyo. Hakuna aliyesimama akauliza kama nafasi ya serikali inarithiwa.

Mama yangu, ambaye ana kibanda cha dagaa na migebuka pale Kizwite, alitaka diploma na hakuficha.

"Dada yangu ameinama maisha yake yote," alisema huku akigeuza samaki juu ya gunia. "Anainama kwa mgonjwa, anainama kwa bosi. Wewe usiiname."

Baba yangu ni katekista wa kigango chetu, na kila swali gumu hulijibu kwa neno moja, tuombe. Tuliomba. Majirani nao walikuja na ushauri mmoja, walioutoa kama vile wamekutana kikao: anza na cheti, halafu utajiendeleza ukiwa kazini. Ulikuwa ushauri mzuri. Ulimridhisha kila mtu na haukumkasirisha yeyote, nami nikaupenda kwa sababu hiyo hiyo. Nikaenda steshenari kujaza maombi mtandaoni. Dada wa pale akaniuliza, "Cheti au diploma?" Nikasema nimesahau simu nyumbani, nikatoka. Nilifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu simu nilikuwa nimeishika mkononi.

Mwishowe mama alichoka.

"Nenda bondeni ukamuulize mwenyewe," aliniambia. "Akisema cheti, mimi nanyamaza. Sitaongea tena."

Ilikuwa kipupwe, wakati ambao Sumbawanga watu wanaamkia makoti na upepo wa uwandani unapita hadi kwenye mifupa. Niliondoka nimevaa sweta na kujifunga vitenge viwili, na tulipomaliza kuteremka mlima vyote vilikuwa kwenye begi. Mama mkubwa alinipokea mlangoni pa zahanati, mfupi, miguu imevimba kidogo, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Mmeishiwa samaki huko?"

Nilimweleza yote kabla hata sijanywa maji. Miaka miwili, miaka mitatu, kustaafu kwake, maneno ya mama, maneno ya majirani. Nilimwambia nimekuja aniambie moja tu: ananitaka niende wapi. Alinisikiliza hadi mwisho, akachomoa kalamu kichwani, akaitazama kama amesahau ilikuwa ya nini.

"Kaa kwanza," alisema. "Kesho uje kazini."

Nilikaa wiki ya kwanza nikifagia, nikichota maji, nikiwapanga akina mama kwenye benchi siku ya kliniki ya watoto. Jibu sikupewa. Nikiuliza asubuhi, ananituma mkaa. Nikiuliza mchana, ananiambia kula. Nilianza kudhani ananipima, na kama alikuwa ananipima sikujua ni kwa kipimo gani, maana sikusifiwa wala sikukaripiwa.

Nilichokiona wiki hiyo kilinivuruga zaidi. Mfawidhi wa zahanati alikuwa kijana wa diploma, mtu wa mkoa mwingine, mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyemwita mama mkubwa "mama" na kunisahau mimi kila siku kana kwamba ndiyo kwanza nimefika. Miaka yake ya kazi ilikuwa miwili. Ya mama mkubwa sikuweza kuihesabu. Siku moja aliletwa mtoto mchanga aliyekaukiwa maji, na yule kijana akautafuta mshipa mkono wa kushoto, akautafuta wa kulia, jasho likamtoka. Mama mkubwa akamsogeza kwa nyonga, akaupata mshipa kwenye kichwa cha mtoto mara moja tu. Mchana nikamwona kijana yule yule akiandika taarifa na kutia sahihi yake chini.

"Anakutumia," nilimwambia mama mkubwa jikoni. Nilikuwa na hasira kweli. "Wewe unafanya, yeye anaandika."

"Ndiyo kazi yake."

"Kuandika?"

"Kula ugali wako, utapoa."

Nilikuwa nimejichagulia upande. Niliona wazi kwamba diploma ni kiti na kalamu, na cheti ni mikono. Mimi nilitaka mikono. Nilitaka watu wa kijiji waje wakilia na waondoke wakinitaja. Moyoni nikaanza kumjibu mama yangu maneno makali ambayo nisingethubutu kuyasema mbele yake. Lakini nikilala tu, sauti nyingine inauliza: mbona mtu unayempenda hivi hataki kukwambia neno moja la kukuita? Nikaamka siku ya nane nikiwa sijui tena ninachotaka.

Siku hiyo, kati ya asubuhi na mchana, mzee mmoja alimleta mjukuu wake, msichana wa kama miaka saba, aliyekatwa mguuni na mundu wakati wa kuvuna mpunga. Kidonda kilikuwa kirefu lakini si cha kutisha. Mama mkubwa alimlaza kwenye chumba cha kufungia vidonda, akakandamiza pamba nene, akaniita bila kugeuka.

"Kalete trei jikoni. Iliyofunikwa. Usiguse ndani."

Trei ilikuwa imetoka muda mfupi kwenye chungu cha kutakasia vifaa, kile chenye kifuniko cha kukaza, kinachokaa juu ya jiko la mkaa. Ilikuwa na mkasi, koleo ndogo na sindano za kushonea, vyote vimefunikwa kwa kitambaa safi. Trei nyingine ilikuwa imeshatumika alfajiri kwa mama aliyejifungua. Niliibeba kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka sadaka altareni, nikapita barazani, na pale barazani alikuwa amekaa yule mzee.

Akanisalimia. Alinisalimia kwa Kifipa, kwa kunitaja kama mtoto wa mama mkubwa, na akauliza habari za wazazi wangu huko juu.

Kwetu mzee hasalimiwi kwa kupita. Unapiga magoti, unapiga makofi polepole, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo ili vitoe sauti nzito, na unaitikia mpaka amalize. Mtu hasalimii na mzigo mkononi. Mkono wenye kitu ni mkono wa mtu anayeondoka, na kuondoka wakati mzee anakuuliza habari za baba yako ni kumtukana baba yako. Haya sikuyafikiri. Magoti yaliyafikiri kwa niaba yangu. Niliiweka trei sakafuni, nikapiga magoti kando yake, nikapiga makofi. Nilipoinama, pindo la kitenge changu likavuta kile kitambaa, na mkasi ukateleza hadi sakafuni.

Nikauokota. Nikaufuta vizuri kwa kitenge, pande zote mbili, nikaurudisha kwenye trei na kuufunika. Nikamalizia kumjibu mzee kwamba baba hajambo.

Nilipoinuka mfawidhi alikuwa amesimama kwenye mlango wa ofisi yake.

"Rudisha jikoni," alisema. "Vyote."

"Nimeufuta."

"Ndiyo maana."

Ilibidi vifaa vichemshwe upya. Mkaa ulikuwa umeshafifia. Nilipuliza mpaka machozi yakanitoka, nikaongeza mkaa, nikapuliza tena, na muda wote huo msichana alikuwa analia ndani, kwanza kwa nguvu, baadaye kwa kwikwi za kuchoka, ambazo zilikuwa mbaya kuliko kelele. Mama mkubwa hakuondoa mkono wake kwenye ile pamba. Mzee alivua kofia, akawa anamwambia kila aliyefika barazani kwamba kosa ni lake, ni yeye aliyenisalimia, mtoto wa watu alikuwa anapita tu na kazi yake. Nilitamani anitukane. Zaidi ya saa moja ilipita ndipo msichana akashonwa, na akapona vizuri, lakini mimi ile saa bado ninayo.

Baada ya wagonjwa kuisha, mfawidhi alifungua daftari la matukio mezani kwake na kuandika. Nilikuwa nafagia karibu, nikachungulia. Nilijua nitakuta nini: kwamba binti wa mtu fulani, anayelelewa na muuguzi fulani, ameharibu vifaa. Nikasoma hivi: Nilimtuma mtu asiye na mafunzo kuleta vifaa vilivyotakaswa. Vifaa vilichafuka. Mgonjwa amechelewa kushonwa. Chini yake sahihi yake.

Nilisoma mara mbili. Yeye hakunituma. Alikuwa ofisini akihesabu chanjo. Mama mkubwa alikuwa amesimama upande wa pili wa meza ile ile, amebeba boksi la pamba, na najua alisoma, kwa sababu midomo yake ilikuwa inatembea.

"Ni sawa, mama?" kijana akamuuliza.

Nilimngoja aseme. Nilimngoja kwa hamu kabisa, kama unavyongoja mtu wako aseme ukweli ili ujivune naye.

"Ni sawa, baba," alisema mama mkubwa, akaenda kuweka pamba kabatini.

Jioni, jua likiwa bado kali, tulikaa nyuma ya nyumba yake, yeye akipepeta mchele na mimi nikichagua mawe. Sikuwa na uso wa kumtazama, na nadhani hata yeye hakuwa nao. Ungo ulipanda na kushuka muda mrefu.

"Nani alikutuma ile trei?" aliuliza.

"Wewe."

"Na mimi nimesemaje?"

"Umesema ni sawa."

Akaweka ungo chini. Akaniambia kwamba barua ya kwenda kusoma diploma ilimjia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa bado msichana, mara ya pili mimi nilikuwa nimeshazaliwa. Mara zote mbili alijibu kwamba hawezi kwenda kwa sababu zahanati haina mtu mwingine. Hadithi hiyo niliijua, nani asingeijua? Ilisimuliwa nyumbani kwetu kila Krismasi. Padri aliwahi kuisema kanisani, akamsimamisha mbele ya watu: huyu ndiye mama aliyekataa kutuacha.

"Uongo," alisema mama mkubwa. "Niliogopa."

"Masomo?"

"Masomo yana nini? Niliogopa lile daftari." Akaonyesha kwa kidevu upande wa zahanati. "Damu siogopi. Maiti siogopi. Kuandika jina langu chini ya kitu kilichoharibika, hapo ndipo moyo unapokufa. Nikasema, nitajiendeleza baadaye. Unajua nilianza kusema hivyo nikiwa na umri gani? Huo wako."

Nilipaswa kumwonea huruma. Nilimkasirikia. Nilikuwa nimeteremka kutoka uwandani na sababu moja nzuri ya kuchagua cheti, nayo ilikuwa yeye, yule mama wa kanisani, na sasa alikuwa ameichukua mkononi mwangu na kuitupa pamoja na pumba. Kibaya zaidi, nilijitambua. Nilipoona cheti ni mikono na diploma ni kalamu, nilidhani naipenda mikono. Nikakumbuka nilivyofurahi, japo kwa sekunde moja, kuona jina langu halimo kwenye lile daftari.

"Kwa hiyo unataka nisome diploma," nilisema.

"Nimesema hivyo?"

"Sasa unataka cheti?"

"Nimekwambia la kwangu. La kwako silijui."

"Lakini hapa ukiondoka..."

"Hapa ni shamba langu?" Alikuwa amekasirika, na kwa kuwa hakasiriki mara kwa mara, hakujua vizuri namna ya kukasirika, alitikisa mikono ovyo. "Nani aliwaambia nyie hapa ni shamba? Unaweza kumaliza cheti chako wakakupeleka mwisho wa nchi."

Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, huku akiurudisha ungo mapajani, akaongeza, "Ingawa ukiomba, wangekupa. Huku bondeni hakuna anayepagombania."

Sijui kwa nini aliongeza hilo. Niliigeuza sentensi hiyo siku zote zilizobaki, nikiifua, nikiipindua, kama nguo ambayo hujui upande wa ndani ni upi. Kama hakunitaka, kwa nini aliniachia mlango wazi? Kama alinitaka, kwa nini alinionyesha aibu yake? Nilikuwa nimekwenda kutafuta jibu moja nikapewa mawili, na yote mawili yalitoka kwa mtu mmoja ndani ya dakika tano.

Nilirudi Sumbawanga. Mama alikuwa amenisubiri kibandani, hata mteja alimwambia angoje.

"Amesemaje?"

"Amesema niamue mwenyewe."

"Ndiyo hivyo tu? Wiki mbili zote?"

Ndiyo hivyo tu, nilisema. Ile habari ya barua sikumwambia. Haikuwa yangu, na Krismasi ilikuwa inakuja. Mama akapiga paja, akasema sisi wa ukoo huu tukiulizwa njia tunaonyesha kwa macho. Baba akasema tuombe.

Siku ya mwisho ya maombi nilikuwa steshenari tangu asubuhi. Dada wa pale alikuwa ameshanizoea, hata stuli alinivutia mwenyewe. Alijaza jina la shule, namba ya mtihani, kata, wilaya. Alipofika penyewe akanyanyua macho.

"Haya nesi. Leo simu umeileta?"

"Diploma," nilisema.

Lilinitoka haraka, kabla sijajiuliza tena. Nilikuwa nimejifanyia mpango mmoja usiofaa sana: kwamba nitachagua kile kinachoniogopesha zaidi, halafu nione. Dada akajaza chuo cha kwanza, cha mbali, akajaza cha pili, cha mbali zaidi. Akaniambia nipitie kabla hajatuma, maana akishatuma hairudi. Nikamwomba dakika moja. Nilitaka mama mkubwa awe wa kwanza kujua. Nadhani nilitaka pia anikataze.

Nikampigia. Ilikuwa siku ya kliniki, nilisikia watoto wakilia nyuma yake.

"Mama mkubwa, nimechagua diploma. Iko tayari, bado kutuma tu."

"Ya kule mbali?"

"Ndiyo."

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana, mwanangu. Umefanya vizuri. Haya, nina watu hapa."

Mama mkubwa hakati simu. Hajawahi kukata simu maishani mwake. Anaiweka mezani na kuendelea na shughuli zake, anajua wewe uliyepiga utakata. Nilikuwa nimeshakipeleka kidole kwenye ile alama nyekundu nikasikia sauti yake kwa mbali, akitangaza kama mwenye harusi.

"Mtoto wangu anakwenda kusoma diploma!"

Vigelegele vikapigwa, vya akina mama wote wa benchi. Nikacheka peke yangu. Dada wa steshenari naye akacheka bila kujua tunacheka nini. Kisha mwanamke mmoja, mwenye sauti nene, akauliza kitu ambacho kila mtu pale angeuliza.

"Sasa mama, ukiondoka wewe, anakuja nani?"

Mtoto mmoja akakohoa.

"Huyu haji," alisema mama mkubwa. "Nilimtaka aje. Nilimtaka sana. Nimemwambia mwenyewe maneno ya kumfukuza."

Nikasikia kiti kikivutwa, na nikasikia pua ikivutwa, na sikuwahi kumsikia mama mkubwa akilia, kwa hiyo nilichelewa kujua ni nini.

"Haya," alisema, "nani anafuata? Lete mtoto apimwe uzito."

Nikakata. Kwenye kioo cha kompyuta vile vyuo viwili vya mbali vilikuwa palepale. Kubadilisha neno moja lingekuwa jambo la dakika moja: diploma kuwa cheti, mbali kuwa karibu, na miaka miwili baadaye ningeshuka ule mlima na begi langu na kumkuta kwenye mlango ule ule, kalamu kichwani, akinikabidhi funguo. Angeniambia nimekonda. Na siku ya kwanza trei ikianguka, ningemtafuta mtu mwingine wa kuandika jina lake.

Au pengine nisingemtafuta. Pengine mimi si yeye. Mpaka leo sijui, na hakuna chuo kilichowahi kunifundisha namna ya kulijua hilo.

"Nitume?" aliuliza dada wa steshenari. "Au tubadilishe?"

"Tuma," nilisema.

Nilikuwa nalia wakati nasema, kiasi kwamba akasita, kidole kikiwa juu ya kitufe, akaniuliza kama kuna jina la chuo alilolikosea. Nikamwambia hapana, yote ni sahihi, tuma.